Mdau Namba Kumi na Moja

Mama Stoo alijua kwamba ameshirikishwa kikamilifu siku aliposoma ubaoni kwamba ameshirikishwa kikamilifu.

Tangazo lilibandikwa nje ya ukumbi wa mikutano wa mamlaka ya maji, limegongwa mihuri miwili kana kwamba kwa mmoja lingetoroka. Kuanzia Jumatatu, lilisema, hakuna kifaa kitakachotoka stoo ila kwa mfumo mpya wa kompyuta, na kwa idhini tatu: ya msimamizi wa kanda, ya mhasibu mkuu, na ya Mkurugenzi mwenyewe. Chini yake ilifuata orodha ya "wadau waliotoa maoni na kuridhia". Wa kumi na moja alikuwa yeye, na saini yake pembeni, ile yenye mkia.

Miwani ilimteremka hadi ncha ya pua. Kwa miaka kumi na tisa amekaa nyuma ya kaunta ile. Bomba likipasuka, fundi huja mbio, mabuti yakimwaga maji, naye humpa koki kwanza na kuandika baadaye. Haijapotea hata moja. Sasa fundi angesubiri idhini ya Mkurugenzi, kiumbe ambaye kuonekana kwake ofisini kulihesabiwa miongoni mwa miujiza midogo. Na mitaa ikikauka, nani angeulizwa? Aliyeridhia.

Saini yenyewe aliikumbuka. Siku ya warsha ya mfumo huo aliagizwa apeleke viti sita ukumbini. Mlangoni akaambiwa hapiti mtu bila kusaini karatasi ya mahudhurio. Akasaini, akapanga viti, akatoka. Hata soda hakupewa.

Akaingia ukumbini bila hodi. Mratibu wa mradi, ambaye kwa bahati ya Mungu ni mume wa mdogo wake, alikuwa akiibembeleza projekta iwake.

"Shemeji! Karibu, mdau wetu."

"Mdau bibi yako. Niliridhia nini mimi?"

"Punguza sauti, shemeji. Mkurugenzi yuko njiani kuja kusaini cheti cha kuanza."

"Kwanza nifute kwenye hiyo orodha."

"Mbona unaliweka moyoni? Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, kalamu hii hapa."

Shemeji alijifuta jasho kwa tai. "Siwezi. Cheti kinataka angalau mtu mmoja atakayeutumia mfumo kila siku. Na wale wengine kumi..." Akajiuma ulimi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Mama Stoo akaivuta orodha. Mkurugenzi. Msaidizi wake. Mhasibu mkuu. Wanasheria wawili. Akaendelea kushuka kwa kidole.

"Mpiga picha naye ni mdau wa koki?"

"Alikuwepo."

"Na nzi je? Nao walikuwepo, nakumbuka."

Hapo muujiza ukatokea: Mkurugenzi akaingia, mhasibu mkuu nyuma yake na cheti mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa ubatizo.

"Ndiye Mama Stoo? Asante sana kwa maoni yako."

"Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, maoni gani? Mimi nilileta viti."

Mkurugenzi alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Aliyesaini amesaini," alisema mhasibu mkuu.

"Kumbe! Basi kila anayesaini kitabu cha mlinzi getini amekubali kuwa mlinzi?"

Mama Stoo alishika kalamu na kulikata jina lake kwa mistari miwili. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza lolote, na siku walipotaka jibu lake walijijibia wenyewe.

Mkurugenzi alimgeukia shemeji. "Mratibu, alishirikishwa au hakushirikishwa?"

Shemeji aliitazama projekta. Projekta haikumsaidia. Akamtazama dada wa mkewe.

"Alileta viti, Mheshimiwa."

Cheti kilirudi kwenye faili bila saini. Jumatatu ikafutwa.

Asubuhi iliyofuata shemeji alikuja stoo na daftari. Hakukaribishwa kukaa. Alisimama kwenye kaunta saa nne nzima, akahesabu mafundi tisa waliopewa koki na viungio, wote wamelowa, hakuna aliyeweza kusubiri hata idhini moja. Kati ya fundi na fundi alimhoji Mama Stoo, akaandika kurasa sita, kisha akamsogezea.

"Weka saini hapa chini, shemeji, kwamba nimekuhoji."

"Nisomee kwanza. Kwa sauti."

Akakohoa. "'Msimamizi wa stoo alieleza kwamba utaratibu wa idhini tatu una changamoto.'"

"Sikusema changamoto."

"Ulisemaje?"

"Nilisema ni upuuzi. Andika upuuzi."

"Shemeji, hii inakwenda kwa Mkurugenzi..."

Mama Stoo alikunja mikono, akangoja. Shemeji alikata neno, akaandika jingine juu yake, akageuza daftari ili alione vizuri.