Nani Aliliona Likianguka?

Mwalimu Getzel Shimoff alifundisha hesabu katika shule ya Kiyahudi ya mtaani kwetu, hapa Cleveland, tangu enzi za chaki, lakini usimwulize habari za hesabu. Mwulize habari za kunyanyua gombo. Hapo atakukalisha mpaka chai yako ipoe.

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, shule ikishasali, Torati husomwa kutoka kwenye gombo refu la ngozi. Msomaji akimaliza, mtu mmoja hulishika gombo kwa mipini yake miwili ya mbao, hulifungua, kisha hulinyanyua juu ya kichwa ili kila mtu ayaone maandishi. Zikionekana safu tatu za maandishi, inatosha, dini haidai zaidi. Getzel alifungua saba. Siku akiwa amekorofishana na mkewe alifungua tisa, na wavulana wa madarasa ya juu walikuwa wakibahatisha mapema, aliyekosea anatoa chokoleti. Kazi hiyo hakuna aliyempa, na hakuna aliyethubutu kumwomba ampishe. Walimu vijana wenye vifua vipana walikaa kwenye viti vyao wakitazama, na yule mzee wa miwani na kitambi akipanda jukwaani kwenye meza ya kusomea huku anakunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kuchinja ng'ombe.

Sasa sikiliza. Kila mwaka, sikukuu ya vibanda, ambayo kila nyumba hujenga kibanda cha matawi uani, ikishapita, gombo huzungushwa kurudi mwanzo. Likiwa mwanzo, karibu ngozi yote imejikunja kwenye mpini wa kushoto, wa kulia umebaki mtupu. Wiki hizo uzito wote unabebwa na mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto wa Getzel mwaka huo ulikuwa mbovu. Kifundo kilivimba kikawa na rangi ya biringanya. Sababu aliijua yeye na Mungu wake. Hakumwambia daktari, wala hakumwambia mkewe Bluma, msimamizi wa jiko la shule, mwanamke ambaye angekuwa ameshampigia simu mkuu wa shule kabla yeye hajamaliza kueleza. Alivaa mashati ya mikono mirefu, akafungua chupa kwa meno, akanyamaza. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Getzel hakungoja kifo, aliumbuliwa na Nuhu.

Ndiyo, Jumatatu ile ilisomwa habari ya Nuhu. Msomaji akamaliza, Getzel akapanda, akashika mipini. Kitu ndani ya kifundo kilimwambia waziwazi, Getzel, leo kaa chini. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na safu ya nyuma walishaanza kunong'onezana idadi. Akafungua nane. Akanyanyua. Gombo lilifika juu vizuri, likakaa hapo kidogo, kisha upande wa kushoto ukaanza kuinama polepole, naye akiona kabisa unavyoinama, mkono haumsikii tena. Likaanguka sakafuni kwa kishindo.

Gombo la Torati kuanguka si jambo la kusema pole likaisha. Watu husimama likipita, hulibusu kwa pindo za mavazi yao, na likichakaa huzikwa makaburini kama mtu. Ukumbi mzima ulisimama. Yoni Abergel, mwalimu wa michezo, ndiye aliyewahi kupiga magoti kulikumbatia. Getzel alibaki na mikono juu, haina kitu, na machozi yanamtoka mbele ya watoto aliowafundisha sehemu na desimali.

Rabi Korngold, mkuu wa shule, hakupandisha sauti. Alisema desturi ya mababu inajulikana: mtu aliyeliona gombo likianguka hufunga siku moja, hali wala hanywi toka alfajiri mpaka nyota zitoke. Wafunge Alhamisi. Watoto wadogo hawamo, wagonjwa hawamo. Aliyeliona ameliona, na ambaye hakuliona hakuliona. Akaingia ofisini kwake.

Alhamisi, kwa bahati mbaya, ndiyo siku ya piza. Piza ya Bluma si piza ya kuchezea. Kuna watoto ambao wazazi wao huwatibu homa Jumatano ili Alhamisi wasiikose.

Basi Getzel, badala ya kutulia na aibu yake kama watu wengine, akaanza kuwazungukia watu. Alitaka kuwaomba radhi mmoja mmoja kwa kuwafungisha. Akaanza na Pinsker wa fizikia, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, karibu kiasi kwamba gombo nusura limwangukie mguuni. Pinsker akasema, gombo gani? Yeye wakati ule alikuwa anafuta miwani, na bila miwani haoni hata ukuta. Getzel akamwendea Abergel, aliyeliokota kwa mikono yake mwenyewe. Abergel akasema alisikia kishindo tu, alipogeuka likawa limeshafika chini, na kuliona chini si kuliona likianguka. Katibu wa shule alikuwa anatafuta leso. Mwalimu wa historia alikuwa anawaza. Akiva Zuckerbrot, mwanafunzi na msemaji wa safu ya nyuma, akaeleza kwa heshima zote kwamba safu yao yote ilizibwa na mtu mrefu.

"Wote?" Getzel akauliza.

"Wote, Mwalimu."

"Na mtu mmoja?"

"Mrefu sana, Mwalimu."

Getzel ni mtu wa hesabu. Alikwenda darasani akachora ukumbi ubaoni, akaweka viti, akapiga mistari, na jibu likamjia kwamba mtu huyo, ili awazibe wote, angepaswa kuwa na kichwa kipana kama basi la shule. Akafuta ubao, akaketi, moyo ukamuuma vibaya. Kumbe ndiyo hivi? Miaka yote hii ya kuwanyanyulia, na leo hakuna hata mmoja wa kushinda naye njaa siku moja? Kwa ajili ya jibini na unga! Angetamani wamtukane. Mtu akikutukana walau mko chumba kimoja.

Jumatano akaingia kwa Rabi Korngold kumwambia kwamba muhula ukiisha ataacha kazi. Atakwenda kukaa kwa binti yake Florida, akafie kwenye joto. Hawezi kusimama tena mbele ya watu hawa, kwanza kwa sababu alilidondosha, na pili kwa sababu eti alilidondosha akiwa peke yake.

Rabi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo wataliongea kesho jioni, sasa ana fundi wa mabomba anamngoja.

"Na wewe, Rabi? Wewe uliliona?"

Rabi akatazama dirishani. "Mimi husali nimefumba macho."

"Haikuwa sala ile. Kilikuwa kipindi cha kunyanyua."

"Mimi hufumba mapema," akasema Rabi Korngold.

Nyumbani mambo hayakuwa na nafuu. Getzel alikuwa amejiandaa kwa maswali ya Bluma, ameshatunga na majibu, na Bluma hakuuliza kitu. Wakati wa tukio alikuwa jikoni shuleni, anapasua mayai, hakuona lolote. Getzel alipomwambia kesho anafunga, alijibu tu, haya, akaendelea kumenya viazi. Mwanamke huyu, ambaye akikuta soksi moja imepotea anafungua jalada la uchunguzi. Getzel alilala ukingoni mwa kitanda, mkono unampwita, akijiona mtu aliyeachwa na watu wote, mpaka na wa kitandani kwake.

Alhamisi akafunga. Saa za piza zilipofika alijifungia darasani na kusogeza kiti mbali na mlango, maana harufu ile hupita hata kwenye tundu la ufunguo. Harufu haikuja. Akadhani njaa imemziba pua. Alipochungulia alimwona Pinsker akipita na kikombe chake cha kahawa mkononi, anatembea taratibu kama kawaida yake, na Getzel akamlaani kimoyomoyo, kisha akamwomba Mungu msamaha, kisha akamlaani tena kidogo.

Alasiri wakakusanyika kwa sala. Rabi Korngold akasimama mezani. Alisema kwamba siku ya mfungo kuna somo lake maalumu katika Torati, ila gombo halitolewi kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Wakiwepo wanaume kumi waliofunga, litatolewa. Wasipofika kumi, wasali sala ya kawaida wakaendelee na shughuli zao.

"Waliofunga wanyooshe mikono."

Getzel akanyoosha wa kulia, macho yake ameyaelekeza sakafuni. Hakutaka kuona. Kwa mara ya kwanza wiki ile, aliamua na yeye asione. Lakini alisikia viti vikikwaruza sakafu, na nguo zikichakarika, na zikachakarika muda mrefu kupita kiasi. Akainua macho. Pinsker amenyoosha. Abergel amenyoosha. Katibu, mwalimu wa historia, safu ya nyuma yote mpaka ukutani, na nyuma ya pazia linalotenga wanaume na wanawake, upande wa wasichana, mikono ilionekana juu yake imesimama kama mabua ya mahindi. Rabi mwenyewe wa kwake ulikuwa juu tangu alipouliza.

Nawaambia, Getzel hakushukuru. Alipandwa na hasira.

"Pinsker, uliniambia ulikuwa unafuta miwani."

"Nilikuwa nafuta," Pinsker akasema, midomo imemkauka. "Nikaivaa mapema."

"Na kahawa je?"

Pinsker akainua kikombe, akakigeuza juu chini. Hakikutoa hata tone. Kukitembeza tu ni mazoea, akasema, mkono haujui kwenda bila kikombe. Akiva akaona na yeye aseme lake, akatoa taarifa kwamba yule mtu mrefu, sasa anakumbuka, aliinama.

"Basi mlinidanganyia nini?" Sauti ya Getzel ilivunjika. "Siku zote hizi nazunguka kama mwendawazimu nikijua niko peke yangu. Mlinidanganyia nini?"

"Ulitaka tufanyeje, Getzel?" Rabi akamjibu. "Tukupangie foleni, kila mtu apite akuambie usoni, nilikuona, nilikuona? Kumwaibisha mtu mbele za watu ni kumwaga damu yake, hilo watoto wa darasa la kwanza wanalijua. Nilisema aliyeliona afunge. Sikusema akaripoti kwako. Sisi tumefunika kombe, wewe unazunguka shule nzima ukilifunua."

Watu walicheka kidogo, cheko la matumbo matupu. Getzel alivua miwani akaifuta, na yeye alikuwa anaifuta kweli.

Kisha wakalitoa gombo. Likasomwa somo la mfungo, msomaji akamaliza. Gombo likishasomwa lazima mtu alinyanyue. Hakuna aliyetoka kwenye kiti chake. Hakuna pia aliyemtazama Getzel, na kutotazamwa na watu wengi namna hiyo kunachoma kuliko kutazamwa. Akasimama. Akapiga hatua kwenda mezani, akafika nusu ya njia, akasita.

"Mkono wangu wa kushoto ni mbovu," akasema. "Jumatatu nilijua kuwa ni mbovu, na nikanyanyua. Nikafungua nane. Mnisamehe. Mtafuteni mtu mwingine."

Alingoja ukumbi ushtuke. Haukushtuka. Kutoka nyuma ya pazia la wanawake ikaja sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Rabi, na mimi nimefunga."

"Bi Bluma," Rabi akasema kwa upole, "wewe ulikuwa jikoni. Hukuliona."

"Sikuliona gombo likianguka. Nilimwona yeye akianguka. Siku ya kubomoa kibanda chetu uani, alipanda ngazi na viatu vya ndani, nikamwona kwa dirisha la jikoni anavyokuja chini na matawi yake. Alipoingia nikamuuliza vipi, akasema salama. Nikajiambia, sawa, tuone nani atasema kwanza. Nikakaa kimya ili nimshinde. Ningefungua mdomo Jumapili, gombo lisingeanguka Jumatatu. Sasa unihesabu kwenye kumi yako au usinihesabu, shauri lako. Lakini oveni sijaiwasha. Wadogo nimewapa mayai."

Rabi Korngold alisema hamna mtu aliyefunga leo kwa haki kuliko Bi Bluma, na kwamba Abergel aje anyanyue kabla watu hawajaanza kuzimia.

Abergel akapanda, kijana wa mabega mapana. Alifungua safu tatu tu na jasho likamtoka. Getzel alisimama karibu yake kabisa, mkono wa kulia ameutanguliza chini ya mpini wa kushoto bila kuugusa, na wanasema waliokuwa mbele kwamba alimnong'oneza, ongeza moja, kijana, halikuumi. Abergel hakuongeza. Likashuka salama.

Nyota zilipotoka, Rabi alimkuta Getzel kwenye korido, akamuuliza kuhusu yale ya Florida. Getzel akasema Florida kuna unyevu sana, haufai kwa mgonjwa wa mifupa. Akaelekea jikoni, akamkuta Bluma kavaa koti, begi begani, ufunguo wa gari mkononi. Mezani kulikuwa na sahani imefunikwa.

"Ni ya nani hii?" akauliza.

"Ya kwako. Ukitoka hospitali."

"Bluma, nimeshinda na njaa tangu alfajiri."

"Na mimi je? Lete mkono."

Akampa wa kulia. Bluma akaukataa, akabaki amekinga kiganja chake hivyohivyo, mpaka Getzel akaukunja mkono wa shati mwenyewe, akamwekea ule wa kushoto.