Miadi ya Baba

Mwanafunzi mmoja, ambaye nyumbani walimwita Profesa kwa utani, alipopewa na shule wiki mbili za kujisomea nyumbani, alijipangia ratiba ya kusomea mtihani akaibandika mlangoni. Kila saa ilikuwa na kazi yake. Mazungumzo na wazazi aliyawekea Jumamosi jioni.

Jumanne, baba yake, fundi cherehani, alibisha hodi.

"Mwanangu, kuna jambo."

"Ni saa ya kusoma, baba. Njoo Jumamosi."

Baba mtu akarudi zake kwa kunyata. Nyumba nzima ilinywea. Hata bibi alipiga chafya ndani ya mto wa kulalia, asisikike.

Jumamosi mzee aliingia amevaa koti lake la harusi, akaketi kwa adabu.

"Haya baba, nakusikiliza."

"Mwalimu wako alipita Jumanne. Tarehe ya mtihani ilibadilishwa. Mmefanya jana. Yaani, wenzako."

Profesa aliruka kutoka kitini. "Sasa kwa nini hukuvunja mlango?"

"Nikuharibie ratiba, mwanangu?"

Wakatoka mbio hadi kwa mwalimu. Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamfungulia stoo ya madawati mabovu, akampa mtihani mwingine papo hapo. Profesa alifaulu vizuri, maana kusoma alikuwa amesoma kweli. Muda wote wa mtihani baba alimngoja nje, akishikiza kifungo cha koti kilichokatika njiani.