Finjani Kwenye Sinia ya Bi Doti

"Marekani warudi kwao!" alisema Muhsina, na mkono wake wa kulia ukaipiga meza ya mwalimu, wa kushoto ukiwa umemshika mwanawe Amur begani. "Kila penye moshi wapo, na mara nyingine kiberiti ni chao. Vietnam wamesahau nini? Kongo walifuata nini? Na siku yetu sisi ilipofika kule Unguja, siku ya mapinduzi, manowari yao ilikuja, ikapakia Wamarekani, ikenda zake. Haya, kama kazi ya manowari ni kuchukua watoto wao, basi wawachukue wote, kutoka kila pahala, watuachie dunia tupumue."

Darasa zima likapiga makofi. Lilikuwa darasa la jioni la wanawake, chumba cha juu nyumbani kwa Ustadh Yaarub, Matrah, nyuma ya soko. Wote waliokaa mkekani walikuwa wamerudi Omani mwaka huo huo wa sabini, baada ya Sultani mpya kuwafungulia mlango, na Ustadh aliwafundisha Kiarabu cha kuandika na Kiingereza kidogo. Siku ya mjadala aliwaachia Kiswahili, maana alisema mtu hajifunzi kufikiri kwa ulimi wa kuazima.

"Shoga, ungekuwa mwanamme wangekupeleka Umoja wa Mataifa," alisema Masouda, jirani yake, walipokuwa wakiteremka ngazi. "Lakini kesho usende na ulimi huo kwa Bi Doti. Uache nyumbani, uufunike na kawa."

Muhsina alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Makofi aliyoyapenda sana mle chumbani yalianza kumwasha kama upupu.

Kwa Bi Doti alikuwa akenda kuomba. Hind, mdogo wake wa mwisho, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa bado Unguja kwa shangazi yao. Msafiri mmoja alikuwa ameleta habari: mkubwa mmoja wa huko amemtaka Hind, na kutakwa na mtu kama yule si jambo la kuulizwa. Harusi ingekuwa mwezi wa Mfungo Tatu. Hind alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, na shangazi alikuwa ametuma neno moja tu: mtoeni. Marhoon, mume wa Muhsina, alikuwa ameshazunguka ofisi zote mpya za serikali. Watu wema, lakini ofisi zenyewe hazikuwa hata na viti. Ndipo Masouda alipomkumbuka Bi Doti, mke wa Mmarekani mchimba visima, aliyekaa Matrah miaka kumi. Shemeji yake alikuwa na cheo kwenye ubalozi mdogo wa Marekani kule kule Unguja. Neno lake moja, alisema Masouda, na msichana anapanda ndege.

"Umewafukuza leo, kesho unawaita?" aliuliza Marhoon usiku ule walipokuwa wakila.

"Nimewafukuza kwa jumla. Nnawaita kwa Hind."

Marhoon alicheka, akamtazama mkewe usoni, akaacha kucheka.

Asubuhi Muhsina alivaa kanga mpya, akambeba Amur, akenda. Bi Doti alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe zilizofungwa kitambaa kama wanawake wa mtaa, na Kiarabu chake kilikuwa kile cha Matrah hasa, cha sokoni, kizuri kuliko cha Muhsina. Alimkalisha mkekani, akamwekea tende, akammiminia kahawa kutoka kwenye dele.

"Karibu, binti yangu. Na huyu bwana mdogo, mashallah, mashavu yote haya kayatoa wapi?"

Muhsina alipokea finjani, akaileta mpaka mdomoni. Hapo akaiona picha ukutani: kijana wa kizungu, masikio makubwa, kavaa sare ya askari, anatabasamu kama aliyeambiwa atabasamu. Atakunywaje kahawa ya mtu ambaye jana yeye mwenyewe alimfukuza duniani, pamoja na watoto wake? Akaishusha finjani kwenye sinia. Hakuigusa tena.

Bi Doti aliitazama ile finjani. Akaishusha na yake. Akakaa vizuri, mgongo wima, mikono magotini.

"Kunywa, binti yangu," alisema. "Ulilolijia limekubaliwa."

Muhsina alishtuka. "Sijasema kitu, Bi Doti."

"Umesema." Aliionesha finjani kwa kidevu. "Majirani walinifundisha mwaka wangu wa kwanza hapa. Mgeni akiiweka kahawa chini asiinywe, ana haja kubwa, na mwenye nyumba mwenye heshima humkubalia kabla haijapoa. Si ndivyo mnavyofanya nyie?"

Muhsina hakujua. Kwao Unguja, mtu akiacha kahawa, ameshiba au tumbo linamsokota. Hii ilikuwa nchi ya babu zake, na mila yake ilikuwa kwa Mmarekani, si kwake. Ilitosha kusema: samahani, mama, mimi wa kuja, aibu tu imenizuia. Bi Doti angecheka, ahadi ingefunguka, na yeye angeomba kama waombavyo watu, akubaliwe au akataliwe.

"Ndivyo," alisema Muhsina.

Akamweleza habari ya Hind. Kiarabu chake kilichechemea. Alipokosa neno alitia Kiswahili, na machozi yakajaza pengo lililobaki. Bi Doti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka kuitazama picha.

"Mwanangu yuko Vietnam," alisema. "Kila mwezi nawaandikia wakubwa wetu: mrudisheni, warudisheni wote, tokeni kwenye nyumba za watu. Shemeji yangu aliposikia aliniita msaliti. Nami nikamwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii kaka wa mumewe. Hatusemezani sasa. Nilimwambia serikali yetu ina mkono mrefu, na ukatwe." Alijisugua macho kwa kiganja. "Na sasa nimpigie magoti, nimwambie: shemeji, hebu unyooshe mkono ule."

Ule ndio ulikuwa wakati wake. Sentensi moja tu: mama, sikuijua mila hii, huna deni na mimi. Muhsina aliihisi ulimini, nzito kama kokwa ya tende. Akamwona Hind, jinsi anavyocheka kwa kuficha meno kwa ncha ya mtandio. Akaimeza ile sentensi, akaichukua finjani, akanywa. Kahawa ilikuwa imepoa kabisa, chungu.

Bi Doti alimwangalia akinywa hadi tone la mwisho.

"Na wewe waonaje?" aliuliza. "Tubaki ulimwenguni, au turudi kwetu?"

"Jana..." Muhsina alianza.

"Ya jana nimeyasikia. Matrah ni ndogo, na sauti yako nasikia si ndogo." Jicho lake lilikuwa na mzaha, ila mzaha uliochoka. "Nakuuliza leo."

Muhsina alimhamishia Amur kwenye goti la pili. Uwongo mmoja kwa siku ulitosha.

"Leo pia nasema mrudi," alisema taratibu. "Wallahi, mrudi. Ila safari hii, mama, mkiondoka, mpitieni Hind njiani."

Bi Doti alimkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kikageuka kitu kingine, ikabidi ajifute kwa kile kitambaa cha kichwa. Alisema kesho atamwomba mumewe ampeleke kwenye simu ya upepo, apeleke neno Unguja. Hakusema atamwambia nini shemeji yake.

Mlangoni Muhsina aligeuka. "Bi Doti, ile finjani..."

"Ina nini?"

Amur alikuwa amemkamata bibi yule kidole na hataki kukiachia. Bi Doti alikuwa amemwinamia, anamnong'oneza kitu kwa lugha ya kwao, kitu cha watoto.

"Ahsante," alisema Muhsina. "Nilitaka kusema ahsante."

Nyumbani Marhoon alisema alhamdulillahi mara tatu, akataka kuanza kupanga Hind alale wapi, chumba cha nyuma au kile cha dirisha. Cha dirisha, alisema Muhsina. Hind anapenda kuona watu wakipita. Akaenda kutawadha.

Alipomaliza kusali alinyanyua mikono, akamwombea Hind kwa jina lake na jina la baba yao. Kisha akataka kumwombea yule kijana wa pichani, arudi kwao salama, kwa miguu yake. Hapo akakosa jina la kumtaja, viganja wazi. Alikuwa amekaa chini ya picha ile asubuhi nzima, amechukua alichokijia, na hakuuliza mtoto anaitwa nani.

"Mwana wa Bi Doti," alisema. "Mola wangu, wewe unamjua."