Jina la Mfungua Milango

Horace Tibbet alikufa Jumanne saa nne asubuhi, jikoni kwake Ealing, akisubiri mkate uruke kutoka kwenye kibaniko. Mkate uliruka. Enid, mkewe, aliingia akaukuta bado una joto, akaupaka siagi kwa mazoea kabla hajatazama sakafuni.

Siku ya tatu gazeti lilimpa marehemu mistari minne, chini ya habari ndefu ya mbwa aliyeshinda mashindano. Lilisema Julian Ravensworth, mwigizaji wa filamu, ametutoka. Mbwa aliandikwa kwa jina lake halisi.

Chama cha waigizaji hakiruhusu watu wawili kutumia jina moja. Horace alipokwenda kujiandikisha, kijana wa miaka ishirini na mbili, karani alifungua daftari akamwambia kwamba Horace Tibbet tayari wanaye mmoja, asante. Akatoka na jina la Julian Ravensworth, alilolisoma kwenye mkebe wa biskuti. Jina la kilodi kabisa, la bwana mkubwa wa Kiingereza, na kwa jina hilo akapata kazi ya kuwafungulia malodi milango. Alicheza filamu sitini na tatu. Katika hamsini na nane alikuwa mtumishi wa nyumba kubwa, katika nne alikuwa maiti. Katika moja alikuwa askofu, ila kipande hicho kilikatwa. "Gari liko tayari, bwana" ni maneno aliyoyatamka mara nyingi kuliko "nakupenda", na Enid hakulalamika, maana ya gari aliyasema vizuri zaidi.

Alitaka kitu kimoja tu: filamu moja ipitishe jina lake la kweli mwishoni, kwenye orodha ya waigizaji. Mama yake, muuza samaki, alikuwa akibaki sinema mpaka majina yaishe, taa ziwashwe, wafagiaji waingie, na hakumwona Tibbet hata mmoja. Alikufa akiamini mwanawe anafanya kazi ya posta na anaona aibu kusema.

Filamu ya mwisho ya Horace ilikuwa haijatoka. Baada ya mazishi Enid alimpigia simu mtayarishaji, naye akakubali kubadilisha jina iwapo chama kitaridhia kabla ya Ijumaa mchana. Enid akakipigia chama.

"Pole sana, Bi Tibbet," alisema karani. "Lakini jina hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe nimemzika juzi."

"Uliyemzika ni Bwana Ravensworth. Bwana Tibbet ni mzima, anaishi Skegness. Ana miaka tisini na mmoja."

"Na bado anaigiza?"

"Hajastaafu, mama. Yuko mapumzikoni, kati ya kazi moja na nyingine."

"Amepumzika tangu lini?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Tangu mwaka 1958."

Alhamisi asubuhi Enid alipanda treni kwenda Skegness. Mzee Tibbet alimfungulia kwa taabu, mkono mmoja kwenye mkongojo, kisha akaurudishia mlango kwenye vidole vya miguu vya mgeni. Sebuleni palikuwa na picha moja ukutani, ya farasi wa kitambaa anayevaliwa na watu wawili, jukwaani wakati wa Krismasi.

"Huyo ni mimi," alisema. "Kuanzia kiunoni kwenda nyuma."

Wote wawili walikuwa wamelelewa vizuri, kwa hiyo walizungumza habari za mvua kwa muda wa saa nzima. Enid alikunywa vikombe vitatu vya chai. Kumtajia mtu jambo uliloliendea umbali wa kutwa nzima ni utovu wa adabu, na alikuwa karibu kuaga arudi zake mikono mitupu, kwa adabu, alipojisikia anasema, "Nimekuja kuomba jina lako."

Akatoa mkobani karatasi ya chama ya kuachia jina, akaeleza, na mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mumeo watu walimwona uso, jina hawakulijua," alisema. "Mimi jina lilichapishwa, uso hakuna aliyeuona. Tumegawana, bibi. Mbona haki tupu?"

"Yeye alifanya kazi miaka hamsini. Wewe ulikuwa matako ya farasi kwa majuma sita!"

"Majuma saba. Na watu walicheka." Akaitazama simu iliyokuwa kando ya kiti chake. "Siku wakinipigia, nitasema mimi ni nani?"

Enid alikiweka kikombe mezani. Alichukua koti lake. Mzee, kwa kuwa mgeni husindikizwa, akainuka akauvuta mlango, ukamgonga mgeni vidole tena.

"Si hivyo," Enid alisema. "Toka nikuoneshe. Unashika kitasa kabla mtu hajafika. Unarudi hatua moja, mlango unakuja nawe. Humtazami. Unatazama hapo, juu ya bega lake, kama vile mlango umejifungua wenyewe."

Alimfungulia mara mbili. Mara ya tatu mzee alifungua mwenyewe, akarudi hatua, akatazama juu ya bega la Enid, na Enid akapita kama malkia mpaka nje, akasimama huko akilia.

"Aa," mzee alisema nyuma yake. "Kumbe ni kazi."

Kisha akasema, "Lete hiyo karatasi."

Filamu ilitoka Machi. Horace Tibbet ni jina la kumi na tisa, kati ya dereva wa teksi na mwombolezaji wa pili. Siku hizi huoneshwa kwenye televisheni Jumapili mchana. Majina yanapoanza kupita hubanwa pembeni yakawa kama stempu, ili mtangazaji apate nafasi ya kueleza kipindi cha upishi kinachofuata. Enid huvaa miwani akakaa sakafuni, karibu na kioo cha televisheni.