Mrija wa Dakika Sifuri

Kwa miaka miwili, katika maabara ya chuo kikuu Lubumbashi, Amida binti Feruzi alihangaika na swali moja. Ndani ya mitokondria, yale meko madogo yanayoipa seli nguvu, kuna RNA mjumbe inayobeba maagizo ya jeni. Nani anaamua ujumbe huo uishi dakika ngapi? Jibu alilipata kwenye hamira: protini moja inaulinda, ikikosekana, ujumbe unaliwa upesi.

Ijumaa hiyo ya mwaka 1986 alitakiwa kurudia jaribio mbele ya maprofesa. Nafasi ya bourse, ufadhili wa kwenda kusoma Ubelgiji, ilikuwa moja, na waombaji wawili: yeye na Musonda.

Musonda alikuwa mtu wa nyumbani. Mkatoliki, lakini hakuna Idi iliyopita bila yeye kulamba sahani kwa mama yake Amida, mtaani Kampemba. Maabarani mirija ya majaribio haikutupwa, na desturi ilikuwa mwenzako akuoshee yako na kukuokea kwenye tanuri, wewe uandae hamira. Jasho la kidole tu huharibu RNA, kwa hiyo kumwoshea mtu mirija ni kama kumpikia. Anakula bila kuuliza.

Picha ya kuonyesha RNA ya kila mrija ilitoka tupu. Maprofesa wakakohoa. Mmoja akasema kwa upole kwamba labda ujumbe ulioza haraka ndani ya hamira, na Amida, kwa wema wake wa kijinga, karibu akubali. Kisha akautazama mrija wa dakika sifuri, wa kwanza kati ya minane. Huo hujazwa kabla ujumbe haujaanza kupungua. Lazima uwe na kitu. Nao ulikuwa mtupu. Basi hamira haikuwa na kosa. Ujumbe uliliwa ndani ya mirija, na mirija ilioshwa na mikono ya mtu mmoja, Musonda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimkuta kwenye korido, anafunga vifungo vya abacost, koti lake la kuvaliwa bila tai.

“Musonda, ulifanya nini?”

Akainamisha kichwa. “Unisamehe, Amida. Bourse iko moya, sisi tuko babili. Niko na batoto. Nilitia kidole tu.”

“Mu mirija yote munane?”

“Yote.”

Kidole kimoja Amida angekisamehe. Shetani humpitia kila mtu. Lakini huyu alitia, akatoa, akachukua mrija mwingine.

“Mara munane, Musonda,” alisema. “Ata mara moya haukunikumbuka?”