Mnara wa Jumbe Meitamei

Tangu mumewe apewe mnara, Namelok hakuwa na amani nyumbani. Na mnara wenyewe ulikuwa kwenye karatasi.

Aliyeuchora ni Bwana Krause, Mjerumani aliyefika Arusha wakati boma lingali linanuka chokaa. Alikwaruza bamba la shaba kwa sindano, akalimwagia dawa kali, akalipaka wino, akachapa. Ukatoka mji usiokuwapo: minara iliyotoboa mawingu ya Meru, ngazi juu ya ngazi, na daraja la kutisha juu ya mto Themi, ambao kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Mtu hakuwamo hata mmoja.

Meitamei, mume wa Namelok na jumbe wa Sekei, alipoonyeshwa alisifu mpaka koo likamkauka. Krause akafurahi, akaweka kidole kwenye mnara mmoja. "Huu wako, jumbe."

Basi! Jumbe akavimba kama chura. Ndugu zake akawagawia vyumba. Shemeji aliyemnyima pombe akamfukuza ghorofani.

"Baba Saning'o," Namelok alimwuliza, "ng'ombe watapandaje ngazi hizo?"

"Wewe hujui mambo ya mji."

"Sijui kweli. Ninachojua, zizi linavuja."

Masika yalipokwisha likaingia gari la kukokotwa na ng'ombe kutoka Moshi, limembeba mlowezi mnene aitwaye Vogt. Mkononi alishika picha ileile. Krause alikuwa amezipeleka nyingine kwao Ulaya kuwavutia walowezi. Vogt alikuwa ameshachagua pa kukaa, na alichagua mnara uleule.

"Huo ni wangu!" Meitamei akaruka.

Wakagombana njiani, wanaume wazima wawili, kila mmoja akinyoosha kidole hewani, juu ya migomba ya Namelok. Yeye alikuwa shambani akikata mkungu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko kilimkatikia bomani. Afisa alisikiliza shauri lile kwa makini, kana kwamba mnara unaonekana dirishani, kisha akaamua: mnara ni wa mlowezi. Na kwa kuwa haujajengwa, apewe ardhi uliposimama pichani, yaani pale penye migomba ya Namelok. Jumbe, kwa kubishana na Mzungu, akala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Krause alipoulizwa alisema yeye ni msanii tu, mambo ya mashamba hayajui.

Kiboko hakikuwa cha kuchorwa.

Jioni Namelok alimpaka mumewe mafuta ya kondoo mgongoni. Meitamei akaguna, kisha akasema kwa fahari kidogo, "Lakini umeona? Hata bomani wamekubali kwamba mnara upo."

Mkono wa Namelok ukasimama. "Lala kifudifudi, Baba Saning'o," alisema, akabonyeza penye kidonda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kulipopambazuka alichukua panga, akakata kila mkungu, mbivu na mbichi, akawaita majirani wabebe. Machipukizi akayang'oa, akayafunga mizigo, akayapeleka Lemara kwa kaka yake, akayapanda siku hiyohiyo. Vogt alipokuja kukabidhiwa shamba alikuta majani matupu, na jumbe akimweleza kwa adabu ni upande upi mlango wa mnara unapaswa kuelekea.