Breki za Sista Idah

Faki aliijua kasoro ya kazi yake tangu Alhamisi alasiri, kabla hata hajanawa mikono. Ilikuwa mahali padogo mno, ndani ya magurudumu ya nyuma ya Pijo la Sista Idah, na hapakuwa na jicho jingine katika mtaa mzima wa Muyeye ambalo lingeliiona.

Gari hilo lilikuwa la mwaka wa sabini na tisa, la rangi ya maziwa, lenye viti safu tatu. Sista Idah alilitunza kama alivyozitunza wodi za hospitali mpaka siku aliyostaafu. Desemba iliyopita alikwenda nalo kwao Wundanyi, juu katika milima ya Taita, pamoja na wajukuu wake wanne. Wakati wa kuteremka, breki za nyuma, zile za kizamani za ngoma, zilipata moto, zikalegea, na pedali ikazama chini ya unyayo wake. Akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Likasimama hapo limeinama, watoto wakilia, na korongo likiwangoja upande wa pili wa barabara.

Aliporudi Malindi alikwenda moja kwa moja gerejini kwa Faki.

"Sitaki kutengenezewa," alisema. "Nataka uzing'oe. Nitafutie ekseli nzima yenye breki za diski, uifunge hiyo. Ningeweza kwenda kwa fundi Nicholas; ni jirani yangu katika mtaa wa Barani, na ni mtu wa bara kama mimi. Lakini wote niliowauliza wameniambia kazi yako hairudi."

Faki alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka thelathini kati ya hiyo alikuwa akijivunia neno hilo: kazi ya Faki hairudi. Nicholas, aliyekuwa mshindani wake wa tangu ujana, alikuwa na jibu lake, na alilitoa kila palipokuwa na watu wa kulicheka. "Hairudi kwa sababu hufia njiani."

Ekseli ilipatikana Mombasa, kwa wauza vyuma vikuukuu, ikiwa imetoka katika gari la aina nyingine, jipya zaidi. Faki aliipima, akaikata, akaunga vishikio vyake kwa moto, akaifunga. Kazi ya majuma matatu ilikwenda barabara, na mbele ya mafundi wenzake aliahidi kwamba Ijumaa gari litakuwa tayari. Alhamisi ikambakia breki ya mkono. Kebo zake hazikufika magurudumuni. Zilipungua kadiri ya kidole kimoja.

Kila gurudumu la diski lina kalipa, yaani kile chuma kinachoibana diski pindi pedali inapokanyagwa. Kalipa ina skurubu ndogo ya kutolea hewa, na skurubu hiyo sharti iangalie juu, kwa kuwa hewa iliyomo katika mafuta ya breki hupanda juu siku zote. Faki akaona kwamba akiichukua kalipa ya kulia akaifunga kushoto, na ya kushoto akaifunga kulia, mahali pa kufungia kebo pangesogea mbele, nazo zingefika. Akazibadilisha. Kebo zikafika, tena vizuri sana. Lakini sasa skurubu zote mbili ziliangalia chini, na alipotoa hewa, ilitoka ile iliyotaka kutoka tu. Nyingine ilibaki juu, imejificha ndani ya chuma.

Alipoikanyaga pedali mara ya kwanza, ilizama. Alipoikanyaga mara ya pili, ilikuwa ngumu kama jiwe.

Dawa ilikuwapo: kuagiza kebo ndefu zaidi na kuzirudisha kalipa mahali pake. Lakini kebo zisingefika kabla ya Jumanne, na Faki alikuwa amekwisha ahidi. Akajiambia kwamba nusu ya magari ya Malindi hukanyagwa mara mbili. Teksi, magari ya mikate, hata gari la maiti. Mji wenyewe umelala sawa kama mkeka, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Alijiambia hivyo akila chakula cha usiku, na akajiambia tena kitandani.

Ijumaa saa moja asubuhi Sista Idah aliingia gerejini, kitambaa kichwani, chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Fundi. Limekwisha?"

"Limekwisha, alhamdulillahi. Kesho ni safari ya Wundanyi tu."

"Ingia."

"Niingie wapi?"

"Garini. Twende Kilifi. Hapa Malindi nitalijaribia wapi? Mlima mkubwa kuliko yote ni tuta la mbele ya soko."

Mafundi wawili waliokuwa chini ya lori walicheka. Faki hakucheka. "Leo Ijumaa, Sista. Kuna sala."

"Utarudi kabla ya adhana. Nimekwisha kupiga hesabu."

Aliendesha yeye mwenyewe, mgongo wima, mikono yote miwili juu ya usukani. Faki alikaa kushoto na kuitazama barabara kana kwamba hajapata kuiona. Walipofika Gede, mvuta mkokoteni wa mitungi ya maji alijitokeza ghafla kati ya magari yaliyosimama stendi. Sista akakanyaga breki. Pedali ikazama. Mguu wa Faki nao ulikandamiza sakafu, mahali pasipokuwa na kitu.

"Mara mbili, Sista! Kanyaga tena!"

Akakanyaga tena. Gari likasimama, na kati ya pua yake na mtungi wa mwisho hapakuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

"We mama!" alipiga kelele mvuta mkokoteni. "Wataka kunivika sanda, na hata chai sijanywa?"

"Nisamehe, baba."

Alilisogeza gari kando ya barabara, akalizima. Hakumgeukia Faki.

"Ile ya kwanza ilikwenda wapi?"

"Ni breki mpya, Sista. Zinajizoeza. Zikishakaa sawa, utazisahau."

"Mgonjwa akinijibu namna hiyo, nilikuwa nikimpima tena," alisema, na akawasha gari.

Kutoka hapo mpaka Kilifi Faki alitafuta namna ya kuungama. Neno moja tu lingetosha, lakini kila alipolitafuta aliisikia sauti ya Nicholas ikilipokea.

Kabla ya daraja kujengwa, magari yalikuwa yakivushwa hori ya Kilifi kwa feri. Feri ilikwisha kuondoka zamani. Kilichobaki ni mteremko wa saruji unaoshuka moja kwa moja majini, wenye chuma kinene cha kufungia kamba katikati yake na mwani chini. Sista Idah alisimamisha gari juu kabisa ya mteremko huo.

"Endesha wewe," alisema. "Mimi nitakaa ulipokaa. Teremka kwa mwendo wa mtu anayeteremka mlima, na ukikifikia kile chuma, kanyaga. Mara moja tu. Kule kwetu, kwenye kona zile, sitapata nafasi ya kukanyaga mara ya pili."

Vijana watatu walikuwa wakiosha pikipiki zao karibu na maji. Sista alishuka kuwaomba wajitenge. Faki alibaki peke yake nyuma ya usukani, na mguu wake ukafanya jambo kabla yeye hajakata shauri. Ulikanyaga, ukaachia. Ukakanyaga tena, mara nne, mpaka pedali ikawa ngumu. Kisha ukatulia juu yake, mwepesi, kama mguu wa mtu asiyejua lolote.

Sista akarudi, akafunga mkanda. Wakateremka. Maji yakaja mbio kuelekea kwao. Kwenye chuma Faki akakanyaga mara moja, na gari likasimama kama limepigiliwa msumari.

Sista Idah alishusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukakunjuka. "Mungu akuweke, Fundi. Nilikwisha kukudhania vibaya." Akatoa simu, akabonyeza namba ya nyumbani, akafungua spika na kuishika mbele yao. Iliyojibu ilikuwa sauti ya msichana wa miaka tisa hivi.

"Bibi, breki imepona?"

"Imepona, Bridgit."

"Kwa hiyo kesho tunakwenda? Kweli kweli?"

"Twaenda."

"Mimi na Easter tukae kile kiti cha nyuma kabisa! Bibi, useme ndiyo!"

"Kaeni mtakapo."

Simu ikajaa shangwe. Faki aliyasikia yale majina mawili, na mara moja akakiona kile kiti cha nyuma kabisa. Alikuwa amelala chini yake majuma matatu. Kipo juu ya ekseli.

"Sista," alisema. "Ikate simu."

"Kuna nini?"

"Ikate kwanza, nakuomba."

Akaikata. Faki hakuweza kumtazama. Aliyasema maneno yake kwa kioo kilichokuwa mbele yake. "Uliposhuka kuwaondoa wale vijana, nilikanyaga mara nne. Ndiyo sababu ilishika. Kalipa nimezifunga kinyume, ya kulia kushoto, ili kebo zifike. Ndani mna hewa. Mara ya kwanza haishiki, Sista. Haitashika kamwe."

Sista Idah aliilaza simu juu ya paja lake.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jana alasiri."

"Na pale Gede?"

"Nilijua."

"Ukaniambia zinajizoeza."

"Ndiyo."

Sista Idah alifungua mlango, akashuka, akaufunga taratibu sana. Kisha akainama dirishani. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, Sista?"

"Mahali ulipokuwa ukiwapeleka wajukuu wangu."

Faki angeweza kukataa. Lakini alilirudisha gari juu, akalisimamisha kwa breki ya mkono, akangoja mpaka pedali ikalegea. Wala hakuna aliyemhimiza. Alipoachia, gari likaanza kushuka, likashika kasi. Kwenye chuma akakanyaga mara moja, kama alivyoagizwa. Pedali ikazama hadi sakafuni. Gari likajikunja kidogo, kana kwamba limefikiri, halafu likaendelea. Alikuwa ameapa moyoni kwamba hatakanyaga tena, na hakukanyaga. Alikamata breki ya mkono kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote. Magurudumu ya nyuma yakafunga, yakateleza juu ya mwani, yakateleza tena, na maji yakapiga uso wa gari kwa kishindo.

Likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama mpaka katikati.

"Mzee!" mmoja wa vijana alipaza sauti. "Gari halioshwi hivyo!"

Mikono ya Faki ilikataa kuiachia breki. Alisikia viatu vya Sista vikija, vikiingia majini, na mlango ukifunguliwa.

"Sasa nimeona," alisema Sista Idah.

"Nitazirudisha mahali pake. Kebo nitaziagiza leo hii. Jumanne, inshallah, utapata gari lako, na nitalijaribu mbele yako mara kumi."

"Hutaligusa peke yako. Atakuwapo mtu wa kukukagua kila skurubu. Mpigie Nicholas."

"Sista, nakusihi. Yeyote mwingine. Nitalipeleka Mombasa kwa mainjinia."

"Hao watakagua haraka haraka waende zao. Nicholas ndiye mtu pekee Malindi atakayelitafuta kosa lako mpaka alipate. Mtu wa namna hiyo ndiye nimtakaye."

Faki alishuka. Maji yalimfikia magotini. Alitoa simu katika mfuko wa shati, akapiga.

"Profesa!" ilisema sauti ya Nicholas, kwa jina la kejeli alilompa zamani. Nyuma yake nyundo ilikuwa ikilia juu ya bati. "Wewe wanipigia mimi? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi dunia inakwisha. Sema."

Faki alimtazama Sista Idah. Yeye naye alimtazama, na hakumsaidia kwa lolote. "Nimefunga kalipa za Sista kinyume. Hewa imebaki ndani. Leo nimempa gari, huku najua."

Aliungoja mcheko. Aliungoja kama mtu anavyongoja sindano. Badala yake nyundo ilinyamaza.

"Huku unajua?" aliuliza Nicholas.

"Huku najua."

"Watoto wamo ndani?"

"Hawamo. Wako nyumbani."

"Mungu ashukuriwe." Hapakuwa na mzaha wowote katika sauti ya Nicholas, na hilo lilimwuma Faki kuliko mzaha. "Mko wapi?"

"Kilifi. Kwenye mteremko wa feri ya zamani. Limeingia majini kidogo."

"Naja na kamba. Usiliwashe. Tia mawe mbele ya magurudumu ya nyuma, usiiamini hiyo breki ya mkono. Na maji yakipanda kabla sijafika, waambie watu wakusaidie, usione haya. Haya zako tutazizungumza baadaye."

Faki akaanza kutafuta mawe. La kwanza lilikuwa kubwa. Alilibeba tumboni kama mtoto, akaligandamiza mbele ya gurudumu la kushoto kwa kisigino. Huko juu, Sista Idah alikuwa amempigia tena mjukuu wake.

"Hatutakwenda kesho, Bridgit. Breki haijapona. Nilikwambia imepona, nami sikujua."

Kilio kilichotoka katika simu ile kilisikika mpaka majini, kilio cha hasira, kisha sauti ya pili ikajiunga nacho, na ya tatu, na ya nne. Sista hakuwanyamazisha. Aliinyosha simu mbele yake, akawaacha walie.

Faki alisimama akiwasikiliza, miguu yake katika maji ya chumvi, mpaka alipozipambanua sauti zote nne. Kisha akainama kutafuta jiwe la pili.